Ukuta Unaotazamana na Mlango

Watu wakiingia kwenye chumba changu cha kazi huwa na swali moja tu: "Sasa hii ni nini?" Zamani nilikuwa nawajibu kwa upole, naeleza mpaka mate yananikauka. Siku hizi nawaambia ni bustani. "Iko wapi?" wanauliza, huku wameinamisha vichwa kama kuku. "Nyuma ya nyumba," nawajibu. "Ukitaka kuiona pita jikoni, na viatu uvue." Wanadhani natania.

Sitanii hata kidogo. Nilianza kazi kwa kuchora sura za watu, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinaagizwa: bwana na bibi harusi, babu wa ukoo, mwalimu mkuu anayeagwa. Mteja wangu wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyerudisha picha yake akilalamika kwamba pua si yake. Pua ilikuwa yake! Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya wajukuu zake, na biashara ya sura ikaishia pale. Kesho yake asubuhi nilikaa mlangoni kwa jiko na kikombe cha chai, hasira bado zinanichemka, mvua imetoka kukatika, nikaona jua linapita kwenye jani la mboga. Sikuona jani. Niliona kijani kinageuka kuwa njano huku nakitazama, na ubavuni pake weusi wa udongo uliolowa. Nikasema, kumbe! Hapa hakuna pua, na hakuna wa kuja kunilalamikia.

Tangu siku hiyo picha zangu zote zimetoka kwenye kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko. Wasomi wanaziita picha dhahania. Majirani wananiita Mama Madoadoa. Nyumbani mimi ni Mama Mapacha, kwa ajili ya binti zetu wawili ambao sasa ni watu wazima, kila mmoja na maoni yake kuhusu jinsi ninavyoishi.

Bustani yenyewe usije ukaifikiria ya kwenye kalenda. Mimi simwagilii, sipogoi, wala sipangi mistari. Karoti nikizipanda naziacha zitoe maua. Mnanaa umeingia kwa mchaichai, alizeti imeota ilipotaka yenyewe, mchicha umekuwa mrefu kuliko mimi. Mgeni akiona atasema hapa hakai mtu. Lakini mimi namjua kila mmoja mle ndani, na saa anayopendeza.

Nimeonyesha kazi zangu sehemu nyingi, sitaki kujishusha. Ila siku zote ilikuwa maonyesho ya kundi, na kwenye kundi siku zote mimi ndiye niliyewekwa kwenye ushoroba wa kwenda chooni. Sijui nani aliamua kwamba picha zisizo na watu zinawafaa watu walio na haraka. Nimeota mvi kwenye ushoroba ule. Nimepeana mikono na watu ambao bado mikono yao ina maji.

Ndiyo maana simu ilipokuja nilijikuta nimekaa sakafuni. Alikuwa mkuu wa ukumbi wa sanaa, mwanamke mrefu ambaye miwani yake huikalisha juu ya kichwa kisha huanza kuitafuta.

"Mama, safari hii ukumbi mzima ni wako," akasema. "Picha zako za miaka yote. Lakini ule ukuta unaotazamana na mlango nautakia picha moja tu, mpya, kubwa. Mtu akifungua mlango imshike hapo hapo."

"Na nisipoimaliza?"

"Nitauwekea kazi za kijana wa vyuma. Yeye anazo tayari."

Kijana wa vyuma anachomelea mabati na misumari vinakuwa ndege. Ni mtoto mzuri, ana adabu, ananiamkia vizuri. Lakini akiuchukua ule ukuta, mgeni ataingia, ataona ndege wa chuma, na mimi nitakuwa mtu wa pembeni kwenye maonyesho yangu mwenyewe. Naomba nisizunguke: niliutaka ule ukuta. Niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu ujana wangu, na kwa umri huu nilijua hautaniita tena.

Baba Mapacha, mume wangu, alinishika mkono akaninyanyua kutoka sakafuni, akauliza nani kafa. Nikamwambia. Akanipongeza kwa dhati kabisa, kisha akauliza hiyo picha kubwa itakaa wapi, maana mle ndani anapitisha baiskeli. Ndivyo alivyo. Ni mtu mwema na hana ubaya na picha, ila huziangalia kama mtu anavyoangalia saa ukutani: anatupa jicho, anaendelea na safari zake. Nilishazoea. Usidhani haikuwa ikiniuma, lakini nilishazoea.

Tuliwamba turubai kwenye fremu ya mbao, yeye akavuta, mimi nikagonga misumari. Lilikuwa kubwa mpaka likaziba dirisha la chumba cha kazi, ambacho kilijengwa kiwe cha gari ingawa gari hatujawahi kuwa nalo. Nikaanza. Na mimi nina namna yangu ya kufanya kazi, tena naomba mnisikilize vizuri hapa, maana balaa lote lilitokea hapa.

Siwezi kubeba turubai kama mlango nikalipeleka bustanini. Kwa hiyo nachanganya rangi kwenye sinia langu kuukuu, napaka kwenye kitambaa chembamba, natoka nacho nje, nakifunga kwenye shina la mmea ninaoutafutia rangi. Asubuhi nakiangalia, mchana nakiangalia, jioni nakiangalia. Kuna saa kitambaa na jani vinakuwa kitu kimoja, hukioni. Halafu jua linasogea na vinaachana. Ninachochora mimi ni kule kuachana. Basi bustani ikajaa vitambaa, vyekundu, vya njano, vya zambarau, vinapepea. Picha nayo ikaanza kunipa moyo. Sehemu ya juu ilishasimama. Nilikuwa naimba nikipika.

Wakati huo huo Baba Mapacha akastaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karakana ya reli, msimamizi wa matengenezo ya mabehewa. Mtu aliyezoea kuamrisha mafundi na winchi, sasa kakaa sebuleni anahesabu vigae vya sakafu. Alitengeneza kila bawaba ya nyumba hii. Milango ambayo ilikuwa inanong'ona ikanyamaza kabisa, ukawa hujui nani kaingia. Akapanga vijiko kwa urefu. Nikamwambia, baba, tafuta shughuli kabla sijakutafutia.

Akatafuta.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda ukumbini kupima ule ukuta na mkuu. Nilisimama mlangoni, nikaufungua na kuufunga mara nyingi nikijifanya mgeni, mkuu akicheka. Nilirudi nyumbani furaha imenijaa mpaka kooni. Baba Mapacha alikuwa ananisubiri getini, jasho linamtiririka, magoti yote udongo, tabasamu masikio kwa masikio.

"Mama Mapacha, njoo uone. Lakini kwanza fumba macho."

Nikafumba. Mjinga mimi! Akanishika bega, akanipitisha jikoni, akanisimamisha kizingitini.

"Haya, fumbua."

Bustani ilikuwa imenyolewa. Penye alizeti palikuwa na shimo. Penye mchicha shimo. Mnanaa haupo, karoti hazipo, udongo umesawazishwa kwa reki mpaka ikaonekana mistari ya meno yake. Vimebaki vimea vichache tu vimesimama mbalimbali, vina aibu.

"Umefanya nini?" Sauti ilitoka, sijui ya nani.

"Nimekusaidia. Nimekutolea yote uliyoyawekea alama."

"Alama gani?"

"Si vitambaa? Vyekundu nimevimaliza, hivyo ndivyo vya haraka. Zambarau pia. Vya njano nimeviacha kwa ajili ya kesho."

Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa kichwa kikaniwaka moto. Kule karakana, behewa likikutwa na hitilafu linafungwa kitambaa. Kitambaa maana yake bovu, likatwe kwenye msururu, litolewe. Chekundu, leo leo. Cha njano, linaweza kungoja. Ametoka kufunga na kufungua vitambaa maisha yake yote, halafu anafika nyumbani anakuta mke wake kazungusha vitambaa bustani nzima! Alidhani nimezeeka, mgongo umenikataa, nimeweka alama nikisubiri wa kunisaidia.

"Mungu wangu! Wewe mwanamume! Umeng'oa picha yangu!"

"Picha iko ndani, mama, sijaigusa."

"Hiyo ndiyo picha! Hiyo uliyong'oa! Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza ungejua. Nilitaka ushtuke."

"Haya, nimeshtuka!"

Mengine niliyosema siyarudii. Itoshe kwamba jirani alizima redio yake ili asikie vizuri. Baba Mapacha alisimama na glavu zake mkononi, uso umemshuka, akawa anasema tu, "Ningejuaje, Mama Mapacha? Ningejuaje?" Na kweli angejuaje? Lakini hilo nililifikiria baadaye sana. Pale nilichofikiria ni ukuta.

Siku zilizofuata zilikuwa za vichekesho, ila sikuwa na meno ya kuchekea. Alijaribu kurudishia mimea mingine ardhini, ikalala chali. Akachukua vitambaa vyangu akazunguka navyo kwa wauza miche mji mzima, anawaambia, "Nipe mche wa rangi hii." Akarudi na ua moja ndani ya kopo, la plastiki, amelishika kwa mikono miwili. Nilimpigia binti yetu mfamasia nikamwomba picha alizopiga bustanini alipokuja mara ya mwisho. Akanitumia. Kila picha imejaa kichwa cha mjukuu wangu, mzuri mno, na nyuma ya sikio lake jani moja.

Nikajaribu kuchora kwa kichwa. Jamani, mimi kichwani sina rangi! Rangi zangu zote zilikuwa kule nje, nilikuwa naziazima tu. Kila nilichopaka sehemu ya chini ya turubai kikawa cha maji ya kuoshea vyombo. Nikafuta, nikapaka, nikafuta. Mwisho nikaketi kwenye kigoda nikaitazama nusu picha, na nikajua hainitaki.

Nikampigia mkuu wa ukumbi. "Mpe kijana wa vyuma," nikasema.

Akasema, "Nitampigia kesho asubuhi. Mpaka nimpigie, ukuta ni wako." Nikakata simu nikalia kwa kwikwi, kama mtoto aliyenyimwa.

Mchana huo nilitoka nje kukusanya vitambaa vyangu nivichome moto. Sikuvikuta kwenye mashimo. Nikazunguka nyuma ya tangi la maji, na pale nikasimama.

Baba Mapacha hakuwa ametupa kitu. Alikuwa amevilaza vyote juu ya magunia kando ya ukuta, kila mmea na kitambaa chake, vichwa vimeelekea ukutani, mizizi imeelekea kwangu. Yeye mwenyewe alikuwa amechuchumaa pale na kopo la maji, ananyunyizia, kama anauguza.

"Mbona hukutupa?" nikauliza. Sauti bado ilikuwa na miba.

"Kinachotolewa hakitupwi mpaka mkuu akione," akasema. "Ndiyo kawaida."

"Mkuu nani?"

Akanitazama. "Wewe."

Nilitaka kujibu kitu kikali, lakini macho yangu yalikuwa yameshatekwa. Nimekaa na bustani ile miaka na miaka, nikidhani naijua, na mizizi yake sikuwahi kuiona isipokuwa ile inayoliwa. Mzizi wa mchicha ulikuwa mwekundu uliopauka, kama ufizi wa mtoto. Wa mnanaa ulikuwa kamba nyeupe zinazokimbia kando, zina zambarau kwenye vifundo. Tunguu la bizari ya manjano lilikatika alipolivuta, na pale lilipokatika palikuwa na rangi ambayo mimi ningelipa nini kuipata kwenye sinia, rangi ya chungwa inayopiga kelele. Na alizeti, yule malkia wangu mrefu, chini alikuwa na kishungi kidogo tu cha nywele.

"Huyu mrefu alitoka kirahisi mpaka nikaanguka," akasema Baba Mapacha alipoona naangalia. "Nilikaa chini puu! Lakini huyu hapa," akainua mchaichai, "huyu alinitoa jasho. Nilivuta, akavuta. Nikasema, bwana wewe, tutaona. Na huyu kapinda hapa kwa sababu alikutana na jiwe. Ungemwona, kalizunguka jiwe lote akaendelea na shughuli zake."

Alikuwa anaeleza kwa mikono. Vidole vyake vilikuwa vinavuta hewani, vinalegea, vinakaza. Nikakodoa macho kwenye vile vidole, kisha kwenye mizizi, kisha kwenye vidole.

"Mchukue huyo," nikasema. "Mlete ndani. Na huyo, na huyo. Haraka, kabla hawajakauka!"

"Nimefanya nini tena?"

"Ndani!"

Nikachukua kisu cha jikoni nikakwangua yale maji ya vyombo yote chini ya turubai. Baba Mapacha akawa amesimama kwenye mwanga wa mlango, kashika mchaichai juu juu kwa shina, udongo unamdondokea kwenye viatu.

"Niambie tena ulivyovuta."

"Nilishika hapa, nikaegemea nyuma..."

"Usiegemee sasa! Simama wima."

Akapiga chafya. Nikamwambia mizizi haipigi chafya. Akaanza kucheka, nami nikaanza kucheka, na tulipoanza hatukuweza kunyamaza, mpaka nikajipaka rangi ya chungwa puani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye tangu ile siku ya reki.

Sikuchora mizizi, muelewe. Kijana yeyote mwenye penseli anaweza kuchora mzizi. Nilichora ule ukaidi wa chini, ule unaovutwa na kuvuta. Juu palikuwa na mwanga wangu wa siku zote, unaachana na kuungana. Chini sasa pakawa na rangi zilizoshikana kwa nguvu, na katikati mahali ambapo juu na chini vinagombania. Sikuwa nimewahi kuchora hivyo. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nachora nusu ya bustani na sikujua.

Asubuhi nilimpigia mkuu kabla hajafungua ofisi. "Usimpigie kijana," nikasema, nikakata simu kabla hajauliza.

Siku ya kutundika, picha ilikuwa bado mbichi ukingoni. Tuliibeba kwa pikapu ya jirani, yule yule wa redio, Baba Mapacha kasimama nyuma kaishikilia kwa mikono miwili anamfokea dereva kwenye kila shimo. Ukumbini akawaamuru mafundi kama yuko karakana: nyanyua, shusha, kushoto, kushoto nimesema! Wakamtii. Ikakaa.

Maonyesho yakafunguliwa jioni ya kesho yake, watu wakaingia. Nilijificha nyuma ya nguzo ili niuone mlango. Mlango ulifunguliwa, mama mmoja aliyekuwa anaongea na mwenzake akakatiza sentensi yake katikati. Hakuimalizia. Wakaja wengine, wakasimama, wakawa kizuizi mpaka waliokuwa nyuma yao wakawasukuma. Mkuu wa ukumbi alishusha miwani kutoka kichwani akaivaa. Kijana wa vyuma alinijia akaniamkia, akasema, "Mama, hii imenishika miguu," akarudi kuitazama tena. Nilipeana mikono na watu wengi, yote mikavu. Niliupata ukuta wangu, na sijui neno jingine la kusema isipokuwa nilifurahi, nilifurahi mpaka mbavu zikauma.

Watu wakapungua. Nikamtafuta mume wangu ili twende nyumbani, nikamkosa kwenye viti, nikamkosa nje, ambako ndiko huwa ananisubiri kwenye maonyesho yote, akizungumza na madereva. Nikarudi ndani. Mlinzi alikuwa anazima taa moja moja. Baba Mapacha alikuwa amesimama mbele ya ule ukuta, mikono nyuma, suti yake ya kuagwa kazini imembana mabega. Macho yake yalikuwa yanatembea juu ya turubai polepole, yanashuka, yanapanda, yanarudi.

"Mzee, tunafunga," mlinzi akamwambia.

"Niache kidogo, mwanangu," akasema, bila kugeuka. "Sijamaliza kuangalia."

Nililia pale pale, na sikujificha. Nikamwomba mlinzi aache ile taa moja. Nikaweka mkoba wangu chini, nikaenda nikasimama kando ya mume wangu, na wala sikumuuliza anaona nini.